Ukitaka bakuli la sentimita 40, pima mwendo wa chini kabla ya kipenyo

SWALI: Nakereza mbao kwa kujifurahisha, huu mwaka wa tatu. Mashine yangu ni ndogo ya mezani: inabeba kipenyo cha sentimita 25, mota ni ya wati 370, ina puli za hatua tano, na mwendo wake wa chini kabisa ni mizunguko 500 kwa dakika. Sasa nataka kutengeneza mabakuli ya sentimita 35 hadi 40. Nimepata tatu za kuchagua. Ya kwanza ni mpya, kipenyo sentimita 36, mota ya kielektroniki ya wati 750, mkanda wa chini unaanzia mizunguko 250 hadi 1,000, uzito kilo 60. Ya pili imetumika: chuma cha kusubu, kipenyo sentimita 42, kilo 180 hivi, puli za hatua nne, mwendo wa chini 425, mota ya fezi moja inayounguruma. Ya tatu ni mpya, kipenyo sentimita 50, kilowati 2.2 na inveta yake (kifaa cha kubadili mwendo wa mota), mkanda wa chini unaishia 1,200, kilo 300. Nafanya kazi peke yangu, umeme ni wa fezi moja, volti 230. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu, chukua ya pili, kwa masharti mawili: beringi na spindeli (mhimili unaozungusha mti) zifaulu majaribio nitakayoyaeleza, na uwe tayari kuitoa hiyo mota inayounguruma ufunge ya fezi tatu pamoja na inveta. Ya tatu ni mashine nzuri sana, ila kwa kazi uliyoitaja utalipia nafasi usiyoitumia. Ya kwanza iache. Kwenye karatasi ina wati mara mbili ya ulizo nazo, lakini ukishafunga gogo utajikuta palepale ulipo leo.

Hesabu yake ni hii. Kinachokata mti ni nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye spindeli. Wati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota hazikwambii nguvu hiyo mpaka ujue zinapatikana kwa mwendo gani. Chukua wati, zidisha kwa 9.55, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Jibu ni nyutoni-mita. Mashine yako ya sasa ikiwa kwenye puli ya chini: 370 × 9.55 ÷ 500, unapata 7. Ile mpya ya wati 750 huzitoa wati zote hizo pale tu mota inapofika kilele chake, na kwenye mkanda wa chini kilele ni 1,000. Kwa hiyo 750 × 9.55 ÷ 1,000, unapata 7.2. Ukizungusha kitufe ushuke hadi 300, nguvu ya kuzungusha haipandi hata chembe. Inabaki 7, na wati ndizo zinazopungua. Saba kwa saba.

Sasa iweke saba hiyo kwenye ukingo wa bakuli la sentimita 40, yaani sentimita 20 kutoka katikati. Inakuwa nyutoni 35, sawa na uzito wa kilo tatu na nusu. Bobari (patasi ya mfereji) ikiuma kidogo tu, mota inagota.

Ya pili ukiifunga mota ya kilowati 1.5 inayozunguka kama 1,400, puli yake ya chini inapunguza mwendo kwa uwiano wa 3.3 kwa 1, na spindeli inapata nyutoni-mita karibu 34. Kwenye ukingo uleule hiyo ni kilo 17. Ya tatu, kwa hesabu hiyohiyo, inatoa nyutoni-mita 17.5. Ndiyo, umesoma sawasawa: kwenye mwendo wa chini mashine ya kizamani yenye puli kubwa inaishinda mpya iliyoizidi mota, kwa sababu puli inageuza mwendo kuwa nguvu, wakati inveta peke yake inapunguza mwendo bila kuongeza chochote. Ukipanda hatua ya pili ya puli, mizunguko 850 hivi, zinakuwa sawa, na juu ya hapo ya tatu inaongoza. Lakini bakuli la sentimita 40 halina shughuli huko juu. (Sijatoa kinachopotea kwenye mkanda na beringi, kinapotea kwa zote.)

Hapo utauliza: kama puli ni nzuri hivyo, inveta ya nini? Ni kwa sababu ya 425. Pande la mti mbichi lenye kipenyo cha sentimita 40 na unene wa 15 lina ujazo wa lita 19 hivi, na mti mbichi mzito unakaribia uzito wa maji, kwa hiyo umefunga kilo 17 au 19 kwenye spindeli. Na pande halikai sawa hata ulikate kwa uangalifu gani. Upande mmoja una gome, mwingine una kiini kizito na maji mengi. Tuseme upande mmoja umezidi kwa nusu kilo tu, sentimita 15 kutoka katikati. Kwa mizunguko 250, nusu kilo hiyo inavuta mashine kwa nguvu ya kilo 5. Kwa 500 inavuta kilo 21, zaidi ya mara nane kila sekunde, mara juu mara chini. Kwa 1,000 inafika kilo 84. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Mashine ya kilo 60 iliyosimama kwenye miguu ya bati itaanza kutembea chumbani.

Ndiyo maana kwa pande ambalo halijasawazishwa unahitaji kuanzia mizunguko 150 au 200, na mashine ya pili ilivyo sasa haiwezi. Likishakuwa duara, gawanya 15,000 kwa kipenyo cha sentimita upate mwendo wa tahadhari, na 23,000 upate kikomo. Kwa sentimita 40 ni kati ya 375 na 575. Kwa sentimita 20 ni 750 hadi 1,150. Ufa, gome lililolegea au fundo lililooza vikionekana, hata ile ya tahadhari ni nyingi.

Kuhusu kipenyo nitasema machache. Sentimita 42 juu ya reli maana yake pande la 40, na pande la 40 likishakerezwa likakauka linatoa bakuli la 37 au 38. Kama 40 kamili ni lazima, basi ya tatu ndiyo yako. Angalia pia namna kilivyotajwa. Watengenezaji wengi wa Ulaya huandika urefu kutoka reli hadi katikati ya spindeli, yaani nusu, na wa Marekani huandika kipenyo chote. Milimita 210 za Ulaya ni 420 za Marekani. Na ule mkono unaoshika kiegemeo cha patasi hupita juu ya reli na kula nafasi, kwa hiyo kazi ndefu kama miguu ya meza au vyungu virefu hupungukiwa na sentimita kadhaa. Kwa bakuli cha muhimu ni urefu wa mkono wenyewe: uvute hadi mwisho, upime kutoka mstari wa katikati hadi tundu la kiegemeo. Isipofika sentimita 22, hutaweza kukereza upande wa nje wa bakuli lako.

Sasa majaribio. Nenda na rula ya chuma, kalipa, tochi, karatasi moja ya kawaida na nyundo ndogo.

Kwanza toa mkanda. Mkanda unaficha makosa yote. Zungusha spindeli kwa mkono polepole huku kiganja kingine kikiwa juu ya kichwa cha mashine. Iende kama kisu kwenye siagi. Ukisikia mchanga mchanga, beringi imekufa. Hilo lenyewe si baya, kwani namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi inasomeka vilevile dunia nzima: 6206, kwa mfano, ni tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 62 na upana 16, awe ameitengeneza nani. Nunua yenye vizibo vya mpira pande zote mbili, maana unga wa mbao hupenya kwenye zile za vifuniko vya bati. Kibaya ni spindeli iliyoliwa pale beringi inapokaa. Ukiona mng'ao wenye mistari ya kuzunguka mahali hapo, au beringi inatoka kwa kusukumwa na kidole, ondoka.

Kisha pima kuyumba. Funga bolti yenye ncha kwenye kiegemeo, isogeze hadi iguse bega la spindeli, kisha irudishe nyuma kwa unene wa karatasi. Karatasi ya kuandikia ina unene wa takriban milimita 0.1. Zungusha spindeli huku tochi ikimulika kwa nyuma. Mwanga ukibaki sawasawa mzunguko mzima, uko salama. Ncha ikigusa upande mmoja na nafasi kuongezeka upande wa pili, spindeli imepinda, huenda iliwahi kuangushiwa gogo. Kwenye saa ya kupimia ningependa kuona 0.03 au chini yake, 0.05 inavumilika, 0.1 utaiona kwa macho chaki (kishikio kinachobana mti kwenye spindeli) ikizunguka. Baada ya hapo chomeka bomba la chuma la nusu mita kwenye spindeli, linyanyue na kulikandamiza. Kichwa kikitoa sauti ya "tk", beringi inacheza.

Pima nyuzi za pua ya spindeli. Zilizozoeleka ni milimita 33 zenye hatua ya 3.5, inchi 1¼ (milimita 31.75) zenye nyuzi 8 kwa inchi, na inchi 1 zenye nyuzi 8, ambazo kwa mashine ya ukubwa huu ni nyembamba. Ukikuta kipimo ambacho hakipo hapo, ulizia kwanza kama chaki yako ina kiungo cha ndani kinachobadilishwa, na kama kiungo cha kipimo hicho kinapatikana. Usitegemee kipunguzio cha kufunga kati ya spindeli na chaki: kinaisogeza kazi mbele sentimita mbili au tatu mbali na beringi, na kwa pande la kilo 18 sentimita hizo utazisikia kama mtetemo. Bega la spindeli likiwa na makovu, chaki haitakaa sawa. Kovu dogo linaondoka kwa tupa laini, kubwa haliondoki. Ndani ya spindeli na kichwa cha nyuma (kinachobana kazi kutoka upande wa pili) kuwe na tundu la Morse namba 2, yaani tundu linalopungua kwenda ndani, la kuchomekea senta (ncha ya kushikilia kazi), lenye kipenyo cha milimita 17.78 mdomoni. Likiwa ni namba 1, milimita 12, mashine hiyo haikuundwa kwa ajili ya kazi yako. Pitisha kidole ndani, mashine ikiwa imezimwa. Mikwaruzo inayozunguka maana yake senta iliwahi kuzunguka humo ikakwama.

Leta kichwa cha nyuma karibu hadi ncha za senta mbili zikaribie kugusana. Zikipishana kwa milimita moja, usikimbilie kuikataa, mara nyingi ni reli iliyopindwa na sakafu isiyo sawa. Legeza bolti za miguu uangalie tena. Kaza kichwa hicho kwenye reli, weka kipande cha mti katikati, ubane kwa gurudumu. Kikirudi nyuma, safisha reli na uso wa chini mafuta yote na ukaze nati ya bamba la kubana. Kikirudi tena, bamba limeliwa. Mwisho gonga reli na kichwa kwa nyundo, taratibu, sehemu mbalimbali. Chuma cha kusubu kizima kinalia kama kengele. Kilichopasuka kinatoa sauti bubu, na ufa huo rangi mpya haiuzibi. Kwa kweli, mashine ya zamani iliyopakwa rangi jana inahitaji nyundo zaidi ya yenye kutu. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa na mafuta.

Mkanda ukiwa wa umbo la V na umekaa miezi bila kuzunguka, unashika umbo la puli na kugonga kila ukizunguka. Huo ubadilishe bila kufikiri. Gharama yake ni ndogo mno kuiacha ikuchanganye na ugonjwa wa beringi.

Mota. Tafuta ya fezi tatu, kilowati 1.5, nguzo nne (kibati kitaandika mizunguko kama 1,400 kwa hezi 50), na volti 230/400. Inveta iwe ya kuingiza fezi moja na kutoa fezi tatu, kwa kilowati hizohizo au ngazi moja zaidi. Fungua kisanduku cha mota: kuna ncha sita na vipande vitatu vya shaba. Kwa volti 230 vipande hivyo vikae sambamba, kila kimoja kikiunganisha ncha ya juu na ya chini yake. Huo ndio mfungo wa pembetatu. Vikipangwa vyote kwenye mstari mmoja ni mfungo wa nyota, wa volti 400, na hapo mota itazunguka lakini kwa theluthi moja tu ya nguvu. Wengi huilaumu inveta wakati kosa liko kwenye vipande hivyo.

Nyaya za mota ziende moja kwa moja kutoka inveta. Usiweke swichi katikati yake; kukata mkondo hapo wakati mota inazunguka kunaweza kuiua inveta. Ile swichi nyekundu ya dharura unganisha kwenye ncha za amri za inveta, na uiweke mahali unapoweza kuigonga kwa nyonga ukiwa umeshika bobari kwa mikono miwili. Inveta ya ukubwa huu kwa fezi moja huweza kuvuta zaidi ya ampea 13, kwa hiyo ipewe laini yake na kikata umeme kulingana na kibati chake. Plagi ya kawaida itaungua taratibu. Kazi ya laini hiyo na ya kutuliza mwili wa mashine kwenye ardhi mpe fundi umeme. Ukiizima ili uifungue, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida 5 hadi 10, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na umeme.

Mipangilio: ingiza ampea za mota kama zilivyo kwenye kibati. Hezi za chini 18 hadi 20, za juu 65. Kwa puli ya chini hiyo inakupa mizunguko 150 hadi 550, yaani eneo lote la bakuli kubwa bila kugusa mkanda. Muda wa kuanza sekunde 6, wa kusimama sekunde 10. Ukifupisha wa kusimama, pande zito linairudishia inveta umeme na kuizima kwa kosa la volti, au chaki inajifungua yenyewe kwenye nyuzi kwa sababu spindeli imesimama nayo bado inakwenda. Ukitaka kuzungusha kinyume ili kupiga msasa, chaki iwe na skrubu ndogo ya kubana kwenye shingo ya spindeli. Usikereze kwa muda mrefu kwenye hezi 20, kwani feni ya mota iko kwenye shafti yake na kwa mwendo huo haipulizi kitu. Inveta iweke kwenye kisanduku kilichozibwa vumbi, mbali na unakorukia unga wa mbao.

Kuihamisha ukiwa peke yako: toa mota, kichwa cha nyuma, mkono, halafu kichwa cha mbele, kila kimoja kwa safari yake. Ikibebwa nzima inaelemea juu na itapinduka. Ukiisimamisha, katikati ya spindeli pawe sentimita 5 hivi juu ya kiwiko chako. Jenga sanduku chini ya miguu ulijaze mchanga mkavu. Lita 50 ni kilo 80. Weka vibati chini ya miguu hadi yote minne iguse sakafu kabla hujakaza bolti, kisha ulinganishe tena zile ncha mbili. Zikihama baada ya kukaza, bolti imepinda reli. Legeza uongeze kibati. Magurudumu usifunge.

Bobari ile pana ya kusawazishia miti mirefu, yenye shina bapa linaloingia kwenye mpini, usiipeleke kwenye bakuli. Shina hilo hukatika likinaswa. Na kwa mapande ya ukubwa huu vaa kinga ya uso mzima, usimame nje ya mstari wa pande unapowasha, kichwa cha nyuma kikiwa kimebana mpaka utakapolazimika kukitoa.

Mashine yako ndogo usiiuze bado. Vifuniko, vishikio na vitu vya chini ya sentimita 10 vinataka mizunguko 2,000 na zaidi, na kuhamisha mkanda wa ile kubwa kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa yai kunachosha haraka. Ikitokea spindeli ya mtumba imeliwa au nyuzi zake hazina chaki, nenda kwenye ya tatu, na kabla ya kulipa umuulize fundi umeme kama laini ya chumba chako itabeba ampea zaidi ya 20.